Saa Moja na Dakika Kumi na Saba

Kutoka uwanja wa ndege wa Dodoma mpaka ule wa Arusha, ukipiga mstari kwa rula juu ya ramani, ni maili mia moja na sabini na kitu za baharini. Naam, za baharini, huku kwetu ambako maji mengi kuliko yote niliyoyaona utotoni yalikuwa bwawa la Hombolo. Marubani ndivyo wanavyopima na hakuna wa kuwabishia. Ndege ndogo ya injini moja, siku isiyo na upepo, huimaliza njia hiyo kwa saa moja na dakika ishirini hivi. Upepo ukiisukuma kwa nyuma, muda hupungua. Ukiikabili usoni, huongezeka. Kwa basi, miaka ile, kupitia Kondoa na Babati, ulipanda alfajiri, na ukifika siku hiyohiyo uliwasimulia watu mwezi mzima. Kwa kawaida ulilala njiani, na ulifika na vumbi mpaka kwenye meno.

Nayajua haya kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kazi yangu, kwani nilikuwa mpima hali ya hewa pale uwanjani. Ya pili ni wivu.

Sisi ni watu wa mjini Dodoma kwa sababu babu wa babu yangu alichoka kutembea. Alikuwa kwenye misafara ya kutoka pwani kwenda Tabora, akafika hapa, akaugua mguu, akafungua kibanda cha chumvi na nguo, akaoa. Nyumbani kwetu safari ilihesabiwa kwa kambi: kutoka mahali fulani mpaka fulani ni kambi tatu, kutoka hapo kambi tano za kiu. Baba yangu, aliyekuwa na duka na hakuwahi kutembea hata kambi moja, bado alizijua zote kwa moyo. Mimi nilipopata kazi ya serikali na kuanza kuhesabu safari kwa dakika, aliniona kama mtu aliyepungukiwa na subira. Huenda alikuwa na haki, ila mimi nilijiona nimepanda cheo katika ukoo.

Kazi yenyewe ilikuwa na mambo mengi ya kusoma vipimo na kujaza madaftari, lakini iliyonipa hadhi ilikuwa kazi ya puto. Kila asubuhi nilijaza puto gesi mpaka likanenepa, nikaliachia, kisha nikalifuata kwa darubini iliyosimama juu ya miguu mitatu uani kwetu. Kila dakika moja nilisoma pembe mbili na kuziandika bila kuondoa jicho. Ukigeuka ukapiga chafya tu, basi, limekwenda, na angani hakuna jirani wa kumuuliza limepita wapi. Kutokana na pembe hizo nilikokotoa upepo wa juu, unatoka wapi na una nguvu gani, nikauandika kwenye karatasi na kumkabidhi rubani. Puto lilikuwa moja kwa siku. Yaliletwa machache na hatukuruhusiwa kuyachezea.

Sasa niseme jambo ambalo halikuandikwa katika daftari lolote pale kituoni. Kiangazi, upepo wa Dodoma hutoka kusini-mashariki, jana, leo na kesho, kwa nguvu ileile, mpaka unauchoka kama mgeni asiyeaga. Kwa hiyo mtu akiwa na homa, au puto limepasuka mkononi, alinakili upepo wa jana, akabadilisha tarakimu moja ya mwisho ili usifanane kabisa, akatia sahihi. Tulifanya hivyo sote. Mimi nilijisifu kwamba nimefanya mara chache kuliko wenzangu. Mke wangu hakujua kwamba jambo kama hilo lipo duniani. Yeye aliamini kwamba mumewe hutoka nje na kuliangalia puto mpaka liishe, hata kama mbingu inaanguka, na aliwaambia hivyo watu sokoni.

Mke wangu ni Mrangi wa Kondoa. Tulipooana alikuwa karani wa kupiga taipu katika ofisi ya serikali iliyokuwa na mashine moja na watu wanne wa kuigombania. Ilipofika miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka yakajaa sabuni za rangi kila aina, mitumba ikatuvika sote, na mji ukaanza kupokea miradi ya wafadhili. Mradi mmoja wa maji ukamchukua. Akapewa meza yake, kompyuta, na feni. Jioni alirudi akisema semina, ripoti, posho. Akanunua viatu vya kisigino vilivyogonga sakafu yetu ya saruji kwa sauti ambayo nyumba ile haikuwa na mazoea nayo. Nilimpongeza kwa mdomo. Rohoni nilihesabu ni mara ngapi anacheka anaposimulia mambo ya kazini, na ni mara ngapi anacheka ninaposimulia ya kwangu. Ya kwangu yalikuwa mawingu, kwa hiyo sikuwa na nafasi ya kushinda.

Kisha ikaja ndege.

Mradi ulikuwa na ofisi nyingine Arusha, na wakubwa wake wawili hawakutaka kulala Babati. Kampuni binafsi za ndege za kukodi zilikuwa zimeruhusiwa, zikachipuka, na mradi ukakodi moja. Kila baada ya wiki kadhaa wakubwa walikwenda Arusha kwa siku tatu, na karani wao alitakiwa kwenda nao kuandika kumbukumbu za vikao. Karani wao ni mke wangu. Wakubwa walipenda kukaa nyuma pamoja ili wazungumze mambo yao. Ikabaki kiti kimoja, cha mbele, bega kwa bega na rubani.

Kuhusu rubani huyo nitajitahidi kuwa mwadilifu, ingawa miaka imepita na bado najitahidi. Alikuwa mtu wa makamo yangu, mrefu, shati jeupe lenye mikono mifupi, miwani ya jua mfukoni. Hakuwa na maringo, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwa sababu mtu mwenye maringo unaweza kumchukia ukiwa umekaa tu. Aliwasalimia wafagiaji. Alimwamkia mzee wa redio wetu shikamoo kwa kuinama. Mimi aliniita mtaalamu. Na mke wangu, kuanzia siku ya kwanza alipojua ni mke wangu, alimwita shemeji.

Mjuao mambo ya kwetu mnajua maana yake. Shemeji ana ruhusa ya utani. Anaweza kumwambia mkeo kwamba amepika ugali mbichi, anaweza kumwambia leo umependeza, nawe unatakiwa ucheke. Mimi na rubani yule hatukuwa na udugu wowote, wala urafiki. Alijikatia ruhusa hiyo mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya macho yangu, na mke wangu akaipokea.

"Shemeji, leo umebeba nini kwenye huo mkoba, mawe ya Kondoa?"

"Nimekubebea wewe, uyatafune," mke wangu alimjibu, nao wakacheka.

Kwa hiyo nikaanza kuhesabu. Nilijifunza kwa kumwangalia rubani mwenyewe alipokuwa akikokotoa kwenye meza yetu, rula mkononi: umbali, mwendo wa ndege, ongeza au punguza upepo. Sikuhitaji kujua. Lakini kila safari nilipiga hesabu yangu pembeni, kwenye mgongo wa fomu iliyoharibika, ili nijue kwa uhakika mke wangu atakaa dakika ngapi kando ya mwanamume yule. Dakika themanini na moja. Dakika sabini na tisa. Kurudi, kwa kuwa upepo uliwakabili, dakika themanini na tano, na zile tano za nyongeza ziliniuma kwa namna yake. Ndege ilipofika Arusha, wenzetu wa huko walitutumia habari kwa redio, na mzee wa redio aliponipa saa ya kutua, nililinganisha na hesabu yangu. Ikizidi dakika tatu, sikula chakula cha mchana kwa raha.

Nyumbani sikusema kitu. Niliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, "Mlizungumza nini huko juu?"

"Kelele tupu, husikii kitu," alijibu.

"Saa nzima?"

"Baba watoto, injini inanguruma. Utazungumza na nani?"

Sikumwamini. Nilijua kuna vyombo vya kuvaa masikioni, kama vile redio, na kwamba rubani anavyo viwili.

Asubuhi ninayotaka kuisimulia ilikuwa katikati ya kiangazi, msimu wa zabibu. Siku mbili kabla, siku yangu ya mapumziko, nilikuwa nimepanda gari mpaka Hombolo kumnunulia mke wangu zabibu za safari. Zilikuwepo mjini, kila kona. Nilitaka ajue kwamba nimezifuata Hombolo. Nilizichagua kichane kwa kichane, nikazifunga kwenye gazeti, nikambebea mwenyewe kwenye kikapu cha baiskeli mpaka uwanjani. Alinishukuru, akasema ni nyingi mno, akaelekea kwenye ndege. Mimi nikaenda uani kujaza puto.

Nililiachia saa mbili kamili. Dakika ya kwanza nikasoma, nikaandika. Dakika ya pili nikasoma, nikaandika. Kisha, upande wa kulia, nikasikia kicheko chake.

Ndege ilikuwa mbali, hatua mia mbili hivi, kwa macho matupu uliona watu wadogo tu. Lakini jicho langu lilikuwa kwenye darubini. Niliona haya hata wakati nafanya. Niliizungusha darubini ile, iliyotengenezwa kufuata puto mpaka juu ya mawingu, nikaishusha chini, nikaielekeza kwenye ndege. Mke wangu akanijia karibu kabisa, mpaka nikaona pini ya mtandio wake. Sikusikia kitu, niliona midomo tu ikicheza. Rubani alisema neno. Mke wangu akatikisa kichwa. Rubani akatia mkono mfukoni, akatoa kitu kidogo, akakiweka katikati ya kiganja cha mke wangu, na mke wangu akafumba kiganja haraka, akatazama upande wa kituo chetu, upande wangu, kama mtu anayeogopa kuonekana. Kisha akacheka. Kisha akafungua gazeti, akamkabidhi zabibu. Hakumpa kichane, alimpa zote. Yule bwana akang'oa moja akaitia mdomoni palepale.

Nilibaki hapo kwa muda ambao sikuupima. Niliporudisha darubini juu, mbingu ilikuwa bluu, tupu, safi, haina puto.

Ningeweza kujaza jingine. Ningelazimika kueleza, lakini ningeweza. Badala yake niliingia ofisini, nikafungua daftari la jana: kusini-mashariki. Nikabadilisha tarakimu ya mwisho. Nikatia sahihi, huku mawazo yangu yote yakiwa kwenye kile kiganja kilichofumbwa.

Rubani aliingia akifuta midomo. "Mtaalamu, nipe upepo."

Nikampa karatasi. Akapiga rula, akakokotoa, akafurahi. "Unatusukuma leo. Saa moja na dakika kumi na saba." Mafuta ya ndege Dodoma yalikuja kwa mapipa na yalikuwa adimu, kwa hiyo alikuwa na mazoea ya kuondoka na yanayotosha pamoja na akiba, akajaze Arusha. Kwa upepo mzuri hivyo aliona hana haja ya kuongeza, na uzito uliobaki akautumia kupakia maboksi mawili ya viungio vya mabomba ambayo wakubwa walikuwa wakimsumbua nayo. Nilimsikia akiwaambia. Nilikuwa nimesimama hapo. Nilichofikiria ni kwamba mdomo wake unanukia zabibu zangu.

Wakaruka saa tatu kamili.

Saa nne na dakika kumi na saba nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha mzee wa redio. Alikuwa mtu mzima, karibu astaafu, mtaratibu, aliyezungumza na redio kama mtu anayezungumza na mgonjwa. Nne na ishirini. Nne na nusu. Arusha walisema hawajaiona wala kuisikia. Saa tano kasoro robo.

Ninyi mnaosoma mtadhani niliogopa. Ningependa kuandika hivyo. Ukweli ni kwamba nilikasirika. Njia nzima ile ilikuwa na viwanja vidogo vya udongo, vya misheni na vya wilaya, na mimi niliviona vyote akilini, kimoja kimoja, na katika kila kimoja niliiona ndege imetua na watu wawili wamesimama kivulini chini ya bawa. Wale wakubwa wawili waliokuwa nyuma niliwasahau kabisa. Wivu hauhesabu abiria. Nilimpangia mke wangu maneno ya kumwambia akirudi, nikayapanga vizuri, yenye mwanzo na mwisho.

"Upepo wa juu ulimpa ngapi?" mzee wa redio aliniuliza bila kugeuka.

Nikamwambia.

"Kusini-mashariki?" Sasa akageuka. "Yule rubani wa ndege ya wagonjwa aliyepita asubuhi akielekea Iringa ameniambia anasukumwa kama gunia. Alikuwa anatokea kaskazini."

Yale maneno niliyokuwa nimeyapanga yalitoka kichwani yote kwa pamoja. Nilikimbia uani. Nilijaza puto la pili bila kumwomba mtu ruhusa. Nililiachia, na halikwenda kule lilikozoea kwenda. Lilipanda kidogo, likageuka, likakimbilia kusini-magharibi kama kwamba kuna mtu analivuta kwa uzi. Nililifuata dakika baada ya dakika. Upepo wa juu ulitoka kaskazini-mashariki, wenye nguvu ambayo sikuwa nimeisoma mwaka mzima, na ulikuwa unampiga mke wangu usoni. Nikapiga hesabu pale pale nje, kalamu juu ya goti. Haikuwa saa moja na dakika kumi na saba. Ilikuwa saa moja na dakika arobaini na tano, au zaidi, kwa mafuta ya muda mfupi na maboksi mawili ya vyuma.

Nilimpelekea mzee wa redio upepo mpya, nikamwambia, "Umebadilika." Alinitazama, akaichukua karatasi, akawasomea Arusha. Katika daftari letu kosa halifutwi. Unapiga mstari mmoja juu yake, unaandika sahihi pembeni, ili yeyote aone ulichoandika kwanza. Sikupiga mstari. Niliandika upepo mpya chini yake, kwa saa yake, kana kwamba yote mawili yalikuwa kweli. Kisha nilikaa kwenye ngazi nje, nikamwomba Mungu. Sikuwa na maneno mengi. Nilisema tu, hata kama ni yeye, hata kama wako pamoja, wawe chini.

Saa saba na nusu polisi wa Kondoa walipiga simu ya upepo, ile redio yao. Ndege imetua kiwanjani kwao, watu wote wazima. Rubani alipofika juu ya Kondoa aliona saa yake haipatani na ardhi, kwamba amechelewa mno, akashuka, akashusha maboksi, anasubiri upepo utulie ndipo aendelee. "Kwa sasa," polisi aliongeza, "wamekwenda kula kwa mama mmoja karibu na kiwanja. Binti yake yumo kwenye ndege."

Nilimshukuru Mungu kwa machozi. Nadhani nilimshukuru kwa dakika tano. Kisha nikatambua kwamba mama mmoja karibu na kiwanja ni mama mkwe wangu, na kwamba mama mkwe wangu hawezi kumwacha mgeni aliyemshushia binti yake kutoka angani aondoke bila kuchinjiwa kuku. Mimi alinichinjia kuku siku ya kwanza nilipokwenda na wazee wangu, na hakurudia. Nilikaa kwenye ngazi zilezile, mtu aliyenusurika kuwa mgane, nikamwonea rubani wivu kwa ajili ya kuku.

Walirudi baada ya siku tatu. Mke wangu alishuka amechangamka, akasimulia yote kabla hatujafika kwenye baiskeli. Mama yake aliyekuja mbio na kanga moja. Watoto wa shule walioizunguka ndege. Mkubwa mmoja wa mradi aliyefoka kwamba watu wa hali ya hewa Dodoma wanalala kazini.

"Nikamwambia, mzee, samahani, aliyekuwa zamu leo ni mume wangu. Namjua. Yule haliachi puto mpaka lipotee lenyewe. Nikamwambia labda wa jana, labda wa kesho, lakini siyo yeye." Alinishika mkono. "Niliona nisiache akuseme."

Rubani alikuwa amesimama karibu, anafunga mlango wa ndege. Alikuwa amevua miwani. Alinitazama, siyo kwa hasira, kwa muda kidogo tu, kisha akasema, "Ndiyo, shemeji. Upepo ule uligeuka ghafla sana. Haikuwa rahisi mtu kujua."

Alijua. Mtu aliyeruka miaka mingi anajua upepo wa juu haugeuki hivyo kati ya saa mbili na saa tatu. Alijua na akaniokoa, mbele ya mke wangu, kwa sentensi mbili, na wala hakutaka nimshukuru. Nilitaka kumpiga ngumi. Siku zote nilikuwa nimemlinda mke wangu dhidi yake, kumbe sasa yeye ndiye aliyenilinda mimi, na kwa mke wangu mwenyewe.

Hakunisema kwa yeyote. Aliendelea kuniita mtaalamu. Kilichobadilika kilikuwa kitu kimoja kidogo. Zamani alikuwa akipokea karatasi yangu na kuanza kupiga rula. Sasa, kila alipoipokea, alitoka kwanza mlangoni nayo mkononi, akainua kichwa, akaitazama soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa kwenye mlingoti wake, akatazama vumbi la barabarani, akatazama mawingu kama yapo. Kisha ndipo aliposoma nilichoandika.

Alifanya hivyo safari mbili. Safari ya pili mke wangu alikuwepo ofisini, ameegemea meza yetu akisubiri. Alimwangalia rubani pale mlangoni. Akaniangalia mimi. Aliniuliza aliporudi kutoka Arusha, tukiwa uani kwetu alasiri, anaanua nguo.

"Kwa nini siku hizi anatazama nje kabla ya kusoma karatasi yako?"

Ningeweza kusema ni kanuni mpya, naye angeniamini. Hilo ndilo lililonishinda, kwamba angeniamini.

"Kwa sababu siku ile sikulifuata puto," nikasema.

"Ulikuwa unafuata nini?"

"Wewe."

Nikamweleza darubini. Nikamweleza kiganja na zabibu. Nilieleza mpaka upepo wa jana na tarakimu ya mwisho, nikitazama kamba ya nguo. Alikuwa ameshika shati langu la kazi na hakulikunja.

"Ilikuwa tangawizi," alisema hatimaye. "Aliyonipa. Natapika kila safari, tangu ya kwanza. Sikutaka ujue, maana ulikuwa unajisifu kwa watu kwamba mkeo anapanda ndege. Na zabibu nilimpa kwa sababu siku ile tumbo lilikataa hata kuziona."

Nilitaka kusema kitu. Alinitangulia, na hakupaza sauti.

"Baba watoto, mimi nilikuwa ndani ya hiyo ndege."

Akakunja shati, akaliweka juu ya mengine, akaingia ndani. Hakununa wiki nzima, hakususia chakula, hakwenda kwao. Nilikuwa nimejiandaa kwa hayo yote. Alizungumza nami kama kawaida, mambo ya ada za shule na mafuta ya taa. Tarehe ya safari iliyofuata ilipokaribia, nilimwambia nimetengeneza kikapu cha baiskeli, nitambebea mkoba mpaka uwanjani.

"Nimekata tiketi ya basi," alisema.

Nilikuwa nimeliomba jambo hilo moyoni miezi na miezi, kwamba asikae tena kwenye kile kiti cha mbele. Nilimsindikiza stendi alfajiri, nikampandishia mkoba juu ya basi, nikasimama mpaka likapinda. Alinipungia mkono vizuri tu.

Kisha nikaenda kazini. Nilijaza puto, nikaliachia saa mbili kamili, nikalifuata kila dakika bila kupepesa, mpaka likawa nukta, mpaka likapotea lenyewe. Upepo wa juu ulikuwa wa kusini-mashariki, wa kawaida, ule wa siku zote. Nikauandika, nikakokotoa: mpaka Arusha, saa moja na dakika kumi na saba. Rubani akaja na wakubwa wake wawili, kiti cha mbele kikiwa kitupu, akachukua karatasi, akatoka mlangoni akaitazama soksi. Mke wangu alifika kesho yake jioni.